Ngano huita uongo, kisa cha bahari hakiuiti: jibu kwa mwalimu anayetamba hadithi

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi la mizigo kati ya Tanga, Pangani na Wete, na usiku alikuwa akitusimulia hadithi za kila namna, za sungura na fisi pamoja na mambo aliyoyaona baharini. Tangu mwaka jana nimealikwa kutamba hadithi mara nne: mara mbili katika shule za msingi, mara moja katika nyumba ya wageni na mara moja harusini. Huandika kila kitu na kukikariri, lakini nikifika katikati watu hupoa na kushika simu zao. Kule harusini nilianza na Paukwa kama kawaida, nikasimulia jinsi baba alivyotoka Tanga mwezi wa Januari kwenda Lamu, upepo mzuri ukimsukuma nyuma, usiku wa mbalamwezi kamili. Mzee mmoja mvuvi akanikatiza mbele ya watu, akasema chombo hicho hakikwenda popote. Je, nilikosea wapi? Nikariri au nisikariri? Hadithi za bahari zina namna yake? Na mtu mwenye ajira kama mimi apange vipi muda na malipo? Je, ni lazima nivae kanzu?

Jibu: Mwalimu, ahsante kwa barua yako, ambayo nimeisoma mara mbili kwa sababu inanikumbusha miaka yangu ya mwanzo. Nimetamba hadithi kwa zaidi ya miaka 20 huku nikifanya kazi ya ukarani mchana, kwa hiyo nayajua yote mawili, furaha ya kualikwa na uchovu wa kusimama mbele ya watu saa mbili usiku baada ya kutwa nzima kazini. Nitakujibu kwa urefu, na nitaanza na hilo la kukariri kwa kuwa ndilo linalokupoozea hadhira.

Hadithi iliyokaririwa neno kwa neno ina kasoro ambayo msimulizi mwenyewe haioni: macho yake hugeuka ndani. Anatafuta neno linalofuata katika kichwa chake, haangalii tena uso wa mtoto aliyekaa mstari wa mbele wala haoni kuwa akina mama walio nyuma wameanza kunong'onezana, na watu wakishahisi kwamba msimulizi hayuko pamoja nao, hawana sababu ya kubaki naye. Bibi aliyenilea Pangani hakujua kusoma, na katika ngano zake alikuwa na mambo machache tu ambayo hakuyabadilisha hata herufi, nayo ni mwanzo, nyimbo, majibizano ya wahusika pale penye mgongano, na mwisho. Yaliyobaki aliyajua kama anavyoijua njia ya kisimani. Usiku mmoja alipita upesi, usiku mwingine alisimama njiani akaeleza mti, na sisi tuliokuwa tumeisikia ngano hiyo mara 30 hatukuwahi kusikia ngano moja mara mbili.

Chukua ngano ya kima na papa, ambayo bila shaka unaijua. Kima anakaa juu ya mkuyu uliojiinamia baharini, papa anakuja kila siku, kima anamtupia matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kima kwao, kima anapanda mgongoni, na wakiwa katikati ya maji papa anamwambia ukweli: sultani wa kwao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa laiti angeambiwa mapema, maana wao kima wakitembea huiacha mioyo yao mtini. Basi papa anamrudisha, kima anaruka juu ya mkuyu, na papa anangoja hadi leo. Ukiyahesabu maungo ya ngano hii hayazidi matano: urafiki, mwaliko, habari ya moyo, uongo wa kima, na kurudi. Andika maungo hayo matano kwenye kipande cha karatasi, kisha uichane karatasi hiyo na usimulie mara kumi mbele ya watu tofauti, yaani mke wako, watoto wa jirani, mwalimu mwenzako mkingoja chai. Hadi mara ya kumi utagundua kwamba maneno yamejipanga yenyewe, na yamejipanga kwa pumzi yako, si kwa kalamu yako.

Ila kuna mahali pamoja katika ngano hii ambapo ningekushauri upange kila kitu, hata kunyamaza. Ni pale papa anaposema habari ya moyo. Wengi huharakisha kwenda kwenye ujanja wa kima kwa sababu ndiko kwenye kicheko. Usiharakishe. Papa ameshasema, kima yupo juu ya mgongo unaoteleza, nchi kavu imekuwa mstari mwembamba, na hajui kuogelea. Tazama chini, pande zote mbili, kama unayeyaona maji. Hesabu kimoyomoyo hadi nne. Watoto watanyamaza, na hata mtu mzima aliyekuwa akitafuta ujumbe kwenye simu atainua uso kwa sababu sauti imekatika. Hapo ndipo useme, kwa sauti ya chini na ya upole, kama mtu asiye na wasiwasi wowote: "Ndugu yangu, mbona hukuniambia tukiwa pwani?" Mimi hapo huweka wimbo mfupi nilioutunga mwenyewe, "Nirudishe, papa, nirudishe pwani, moyo sikuja nao, nimeuacha mtini," na hadhira huitika "Mtini! Mtini!" kwa kupiga makofi mawili. Wakishaitika mara tatu, ngano imekuwa yao nawe umepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Usiogope kutunga kibwagizo kama hicho wala kubadilisha mapambo. Ngano hiyo ilichapwa mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere, aliyezipata hadithi zake Unguja kwa watu waliozisimulia kwa mdomo, lakini ni ya kale kuliko hapo, kwa kuwa huko India imo katika visa vya Kibuddha na katika kitabu cha Panchatantra, na kwa Waarabu imo katika Kalila na Dimna, kilichotafsiriwa na Ibn al-Muqaffa katika karne ya nane. Katika visa vya Kibuddha mnyama wa majini ni mamba, na maji ni ya mto. Mtu wa pwani yetu, ambaye jina lake halikuandikwa, aliitazama bahari iliyo mbele yake akamweka papa, na mti akaufanya mkuyu. Hakuharibu chochote, aliifanya ngano ikae nyumbani. Nawe ukiwa Tanga una haki ileile, mradi maungo yabaki.

Sasa nije kwa mzee wako wa harusini, ambaye nadhani alikufanyia hisani kubwa ingawa uliona haya. Fikiria maneno tunayoyatumia kufungua ngano. Kuna Paukwa na Pakawa, kuna "Paliondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa", na kuna ule mwitiko ambao watoto wanaupenda sana: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Yasikilize vizuri maneno hayo. Hadhira yenyewe inauita uongo kwa jina lake, inaukaribisha ndani na kuukalisha. Baada ya hapo fisi anaweza kuoa binti wa sultani na hakuna atakayekuuliza cheti cha ndoa. Lakini kisa cha baharini, kile ambacho baba yako alikisimulia kama jambo lililompata yeye, na chombo chenye jina na bandari yenye jina, hakikuita uongo. Kinadai kuaminiwa. Kwa hiyo kosa lako la kwanza lilikuwa kukifungua kwa Paukwa, ukawaambia watu kwamba huu ni uongo mtamu, kisha ukataja jina la marehemu baba yako na mwezi wa safari kana kwamba ni kweli. Mzee hakujua ashike lipi, akashika lile analolijua, yaani upepo.

Na katika upepo alikuwa sahihi. Januari ni msimu wa kaskazi, na kaskazi hutoka upande wa kaskazini-mashariki, huko huko Lamu iliko ukiwa Tanga. Upepo huo ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Uarabuni na Ghuba kwetu, na mabaharia wake wakingoja hadi kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze, kuanzia Aprili, ndipo waliporudi kwao. Chombo kinachotoka Tanga kwenda Lamu mwezi wa Januari hakisukumwi na upepo nyuma. Upepo kinaupata usoni, na nahodha hulazimika kwenda bishi, akipiga tanga huku na huku, mabaharia wakilihamisha foromali, ule mti unaoshikilia tanga, kila mara hadi mikono inachubuka. Inawezekana baba yako alikwenda kwelikweli mwezi huo kwa kuwa kulikuwa na haraka fulani. Kama ndivyo, umekiacha kisa chenyewe! Kwa nini mtu aende Lamu wakati wa kaskazi? Nani alimlazimisha, alichukua siku ngapi, waliishiwa maji wapi? Au huenda alisafiri wakati wa kusi na wewe ulichanganya miezi, na hilo halikupunguzii heshima ukilirekebisha. Waulize ndugu zako wakubwa na mabaharia waliobaki.

Vivyo hivyo kuhusu mbalamwezi. Ukisema mwezi ulikuwa kamili umesema pia kwamba ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na katika sehemu zetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati huo hukaribia mita 4. Mwamba ambao jahazi lilipita juu yake maji yakiwa yamejaa utakuwa umechungulia nje yakipwa. Ukisema mwezi ni nusu, ni maji mafu, yaani maji hayajai sana wala kupwa sana, na chombo kilichokwama kwenye fungu hakitainuliwa haraka. Kwa msikilizaji wa mjini mambo haya ni pambo. Kwa mvuvi ndiyo mlango wa kuingilia, naye akishaona kwamba upepo wako unatoka mahali pake na maji yako yanapwa kwa wakati wake, atakufuata hata ukifika kwenye taa ya ajabu inayofuata chombo usiku kucha, kwa sababu haoni kwa nini mtu asiyedanganya kuhusu upepo adanganye kuhusu taa. Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika hapa.

Kwa hiyo anza kisa cha bahari kwa mahali, msimu na chombo. "Ilikuwa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Jahazi lilikuwa limetia nanga Wete, limepakia nusu." Watu wazima wataketi vizuri. Halafu uwe mchoyo wa istilahi. Umekulia kwa nahodha, una msamiati ambao wenzako hawana, na kishawishi cha kuumwaga wote ni kikubwa. Chagua maneno matatu au manne kwa kisa kimoja, na uyafafanue kwa vitendo badala ya maelezo. Kama kisa kina dhoruba, mimi huwa nachagua kufua maji (kuyatoa chomboni), upo (kifaa cha kuyatekea) na ngama (sehemu ya chini ya chombo yanapokusanyika): ninachuchumaa, ninateka kwa mkono kama aliyeshika upo, ninamwaga begani, ninateka tena, na huku nikiendelea kusimulia nafanya hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, hadi sauti yangu inaanza kukatika kweli. Baada ya hapo nikisema "maji ya ngama yalikuwa yamefika magotini", hakuna anayehitaji kamusi. Na usemi kama ule wa kundi la nyota la kilimia, kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, uutie mdomoni mwa nahodha akiwa anatazama nyota, si katika utangulizi wako kama somo.

Ukitaka kisa ambacho maji yenyewe ndiyo mhusika, jifunze kile cha Kilwa kilichomo katika historia ya kale ya mji huo iliyoandikwa kwa Kiarabu. Mgeni kutoka Shirazi ananunua kisiwa kwa kitambaa cha kutosha kukizunguka chote. Mwenye kisiwa anachukua kitambaa chake na kwenda bara, akikusudia kurudi na askari maji yakipwa, kwa kuwa wakati huo watu walivuka kwa miguu. Wageni wanachimba mfereji pale pa kuvukia. Muuzaji anakuja na watu wake, anasimama ufukweni, anangoja maji yapwe kama alivyoyazoea tangu utotoni, na maji hayapwi. Msimulie mtu huyo akingoja. Mpe muda wa kukaa kwenye mchanga, kusimama, kukaa tena. Nimekisimulia kisa hiki Kilwa, Bagamoyo na Mombasa, na kila mara kimya kinachoingia hapo ni kizito kuliko cha dhoruba yoyote.

Nawe una bahati kwamba bahari ya Tanga ina kisa cha kweli cha miaka yetu hii. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa huko wamekuwa wakimpata silikanti katika majarife yao ya maji ya kina kirefu, samaki mwenye mapezi yaliyoshikana na mwili kwa vijiguu vinene vya nyama, ambaye wataalamu walimjua kwa mabaki ya mawe tu na kuamini kuwa alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 eneo hilo likatengwa kuwa hifadhi ya bahari kwa jina la samaki huyo. Watoto wa Tanga wanastahili kukisikia kisa hiki kwa mdomo wa mtu wa kwao. Nenda Kigombe ukazungumze na waliomwona kwa macho, uwaulize harufu yake, mafuta yake, magamba yake, walimfanya nini siku ya kwanza kabla ya kuambiwa ni nani. Kwa mwalimu wa hisabati, hiyo miaka milioni 60 ni zawadi pia. Mwambie mtoto ahesabu bibi wa bibi wa bibi yake hadi achoke, kisha umwambie kwamba hajaanza.

Kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuipita. Sisi wa pwani ni watu waliofiwa baharini. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit ikazama Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na mbali na misiba hiyo mikubwa kuna ngalawa na mashua ambazo hakuna gazeti lililoziandika. Katika hadhira ya watu 50 Tanga, Wete au Nungwi, chukulia kwamba yupo mtu ambaye ndugu yake hakurudi. Niliwahi kusimulia kisa cha chunusi avutaye waogeleaji, katika shule ya kijiji kimoja cha wavuvi, na msichana mmoja akatoka nje akilia. Mwalimu wake akaniambia baadaye kwamba kaka yake alikuwa amezama miezi miwili kabla. Tangu siku hiyo huuliza kwanza, kila mahali, kabla ya kuchagua visa. Sikushauri uziache hadithi za kuzama, kwa maana ni sehemu ya bahari yetu na wafiwa wenyewe mara nyingine huziomba, bali usizitumie kwa kutisha watu tu, na usiweke maneno ya mzaha katika mdomo wa anayezama. Majini na chunusi uyasimulie kama ulivyoyasikia, "baba aliniambia hivi", bila kuthibitisha na bila kukanusha.

Kuhusu hadhira mbalimbali nitasema kwa ufupi. Shuleni, dakika 25 zinatosha kwa watoto wadogo, na uanze na vitendawili viwili au vitatu, kwa kuwa "Kitendawili!" na "Tega!" huwapa sauti kabla hawajachoka kukaa, "Jani la mgomba laniletea habari kutoka ng'ambo" linafaa sana kabla ya kisa cha bahari, na wakishindwa wakupe mji. Harusini usisimulie wakati wa chakula, hata ukibembelezwa. Katika nyumba ya wageni, ambako nusu ya wasikilizaji hawajui Kiswahili, simulia kwa Kiswahili chako chote penye nyimbo na majibizano, na umpe mkalimani sentensi fupi katikati. Mgeni atafurahia kuitika "Pakawa" kuliko kupewa muhtasari mrefu. Kipaza sauti ukikihitaji, kijaribu kabla watu hawajaingia.

Sasa muda na malipo. Kwa mtu mwenye vipindi vya kufundisha na madaftari ya kusahihisha, hadithi sita zilizoiva zinatosha mwaka mzima: ngano tatu, visa vya bahari viwili, na kimoja cha Abunuwasi kwa siku ambayo watu wanataka kucheka tu. Ongeza moja au mbili kila mwaka. Mimi sikubali mialiko zaidi ya miwili kwa mwezi, na mwezi wa mitihani sikubali kabisa, na watu wameniheshimu zaidi kwa hilo. Weka akilini tarehe ambazo waalikaji hukumbuka hadithi: Machi 20, Siku ya Usimulizi wa Hadithi Duniani, na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, pamoja na mwezi wa Ramadhani, ambapo baadhi ya familia hupenda kisa cha utulivu baada ya futari. Jiandae kwa tarehe hizo miezi miwili kabla.

Bei yako ipange kwa kujiuliza mambo matatu: nauli na chakula vitagharimu kiasi gani, maandalizi yatakula saa ngapi, na kiasi gani kitakufanya usinung'unike ukirudi nyumbani saa tano usiku. Jumlisha, uitaje mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha unyamaze. Shule ya serikali isiyo na fungu unaweza kuisaidia bure mara moja kwa muhula, lakini useme wazi kwamba ni msaada, ili biashara nayo isiombe bei ileile. Miaka ya mwanzo nilitamba usiku mitatu mfululizo katika hoteli moja kwa ahadi ya mdomo, na mwisho nikapewa sahani ya wali na kuambiwa nimepata nafasi ya kujitangaza. Tangu hapo nadai nusu ya malipo kwa simu siku tatu kabla, na ujumbe mfupi wenye tarehe, saa, muda wa utambaji na kiasi cha fedha. Ujumbe huo ndio mkataba wangu, na hakuna mwalikaji mwaminifu aliyewahi kuukataa. Kama unaona kazi hii itaendelea, jisajili kama msanii kwa Baraza la Sanaa la Taifa, na ukialikwa Unguja au Pemba uliza mapema, maana Zanzibar ina baraza lake. Mwajiri wako naye mpe taarifa kabla hajasikia kwa watu.

Hukuuliza kuhusu umiliki wa hadithi, lakini nitaligusa kwa kuwa litakufikia. Ngano za jamii ni za wote, na heshima inayotakiwa ni kutaja ulikozipata: "hii niliipata kwa mama mmoja wa Muheza." Kenya wamelitungia sheria mwaka 2016 suala la maarifa ya jadi na sanaa za jamii, kwa hiyo ukivuka mpaka kutamba au kurekodi, usichukue ngano ya watu fulani na kuiuza kama utunzi wako. Hadithi iliyotungwa na mwandishi aliye hai inahitaji ruhusa yake. Visa vya baba yako ni vya ndugu zako pia. Waketishe chini, wasimulie ulivyovipanga, na mmoja akisema "hilo la dada usilitoe nje ya nyumba", usilitoe. Wakati huohuo warekodi mabaharia wenzake waliobaki, kila mmoja kwa simu yako mwenyewe, mahali pasipo upepo, na uandike tarehe na jina la chombo mwanzoni mwa kila rekodi. Hilo lifanye mwezi huu.

Limebaki la kanzu. Vaa unachovaa ukienda kumtembelea mtu mzima unayemheshimu. Kama ni kanzu na kofia, vizuri, kama ni suruali na shati lililopigwa pasi, vizuri vilevile. Mimi hubeba kitu kimoja tu kinachohusu kisa changu, kipande cha kamba ya zamani ya kutia nanga, ambacho hukiweka sakafuni mbele yangu na sikigusi hadi chombo kinapofika bandarini. Ukiwa na upo wa baba yako, au hata kipini cha kisu chake, beba hicho. Na yule mzee wa harusini umtafute, umpelekee kahawa, umsimulie kisa kizima tena kuanzia Tanga hadi Lamu, na safari hii umwache akukatize kila anapotaka.